Mchujo wa Kwanza Hufanyika Stendi

Hotuba ya mwalimu mstaafu mbele ya wazazi, wahitimu na viongozi, Newala, mkoani Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa madiwani na watendaji wa halmashauri, mashehe na mapadri wetu, wazee wenzangu, akina mama, na ninyi wanangu mliohitimu vyuo mkarudi kuishi nasi hapa nyumbani: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Wazazi wenzangu wameniomba niseme kwa niaba yao juu ya jambo moja, nami nimewaahidi kwamba sitatoka nje ya jambo hilo. Ni gharama anayoibeba kijana wetu, na nyumba nzima iliyo nyuma yake, anapoitwa kwenda kushindania nafasi ya kazi serikalini. Nimekuja na daftari. Ni daftari la kawaida la shule ambalo mke wangu alianza kuandikia matumizi ya safari za binti yetu wa pili, tangu siku jina lake lilipotoka kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili. Aliandika kwa sababu sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya watu, na alitaka siku ya kulipa kila mmoja apate haki yake bila ugomvi. Leo nitalisoma mbele yenu, kwa kuwa nimeona kwamba tukilalamika kwa maneno matupu tunaambiwa kuwa vijana wa siku hizi hawataki kuhangaika.

Binti yangu alisomea uhasibu hadi shahada. Aliomba nafasi ya Afisa Hesabu Daraja la II, na mwezi Agosti 2024 aliitwa Dodoma kwenye usaili wa mchujo. Mliowahi kusoma matangazo ya kuitwa kwenye usaili mnayafahamu masharti yake: uje na kitambulisho, uje na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, hati za matokeo hazitapokelewa badala ya vyeti, na msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Sharti hilo la mwisho ni fupi, na linapita haraka machoni pa mtu anayeishi kilomita tano kutoka mahali pa usaili. Kwa mtu wa Newala, hilo ndilo tangazo lenyewe.

Naomba nisome ukurasa wa kwanza. Nauli ya basi kutoka Newala hadi Dar es Salaam, Sh 35,000. Nauli ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, Sh 24,000. Kurudi, kiasi hicho hicho. Kwa hiyo nauli peke yake ni Sh 118,000. Treni ya umeme ilikuwa imeanza kwenda Dodoma mwezi mmoja tu kabla, tarehe 25 Julai 2024, na nauli yake ya daraja la kawaida ilikuwa Sh 31,000. Ingempunguzia saa kadhaa za safari, lakini kwa kila njia ingemwongezea elfu saba, na elfu saba ni chakula cha siku nzima. Chumba cha gesti Dodoma, usiku wa kwanza hadi wa tatu, Sh 45,000. Bodaboda na daladala za mjini, pamoja na kupanda na kushuka kule Chuo Kikuu cha Dodoma ambako usaili mwingi hufanyika, Sh 14,000. Chakula cha siku tano, Sh 35,000. Kutoa nakala, kuthibitisha vyeti kwa wakili, picha, na malipo ya steshenari alikojazia maombi kwenye mfumo wa ajira, Sh 18,000. Jumla, Sh 230,000.

Wapo watakaosema kwamba nauli hizi ni za kubuni. Kokotoeni wenyewe. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilitangaza viwango mwezi Desemba 2023: basi la kawaida ni Sh 48.47 kwa abiria kwa kilomita moja, na basi la daraja la kati ni Sh 67.84. Kutoka hapa hadi Dodoma, upite Dar es Salaam au uzunguke kwa Tunduru, Songea na Iringa, ni zaidi ya kilomita 1,000. Hakuna njia ya mkato. Hata akipata basi la bei ya chini kabisa kisheria kwa safari yote, mtoto wa Newala anakaribia elfu hamsini kwa kwenda tu, kabla hajanywa hata chai.

Sasa sikilizeni fedha hiyo ilitoka wapi, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Mwezi Agosti, kwetu sisi watu wa korosho, ni mwezi mkavu. Za msimu uliopita zimekwisha, na minada haijafunguliwa mpaka Oktoba. Pensheni yangu ya mwezi huo ilikuwa imekwishagawanywa: ada ya mdogo wao, dawa ya presha ya mama yangu mzazi, deni la dukani. Tangazo lilitoka zikiwa zimesalia siku sita. Nilifanya jambo ambalo nalitaja mbele ya viongozi nikijua kuwa limekatazwa: niliuza korosho zikiwa bado juu ya mti. Niliuza kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa pembeni, nje ya mnada. Kilo 160 kwa bei ya Sh 1,500, nikapewa Sh 240,000 mkononi usiku ule ule, na binti akaondoka alfajiri. Oktoba mnada wa chama chetu kikuu cha ushirika ulipofunguliwa, bei ya kilo moja ilivuka Sh 4,000. Kilo zile 160, hata kama ungetoa makato yote ya ushirika na ya ghala, zingenipa zaidi ya mara mbili ya nilichopokea. Mke wangu aliandika 230,000 kwenye daftari kwa sababu ndizo zilizotumika. Mimi ninayejua mti ulitoa nini najua kwamba safari ile ilitugharimu zaidi ya laki tano.

Kila mara viongozi wetu wanapokuja kutukataza kangomba, hutuambia kuwa mkulima anauza kwa bei ya kutupa kwa sababu ya uvivu na anasa. Nawaomba, mnapokwenda vijijini kufanya operesheni hiyo, muulize pia ni wangapi waliuza ili mtoto aende kwenye usaili. Mtashangaa.

Binti yangu hakupita mchujo ule. Silalamikii matokeo, mtihani ni mtihani, na alikiri mwenyewe kuwa sehemu ya sheria za fedha za umma hakuwa amejiandaa vizuri. Alirudi, akasoma, akaitwa mara ya pili miezi michache baadaye katika taasisi nyingine, na safari hiyo akafaulu maandishi. Ndugu zangu, hapo tulijifunza kwamba kufaulu kunagharimu kuliko kufeli. Aliyeshindwa hukata tiketi ya kurudi kesho yake. Aliyefaulu husubiri siku ya mahojiano, na wakati anaondoka nyumbani hajui kama apige hesabu ya usiku mbili au ya usiku sita. Ataje kiasi gani kwa baba yake? Akitaja kikubwa anaonekana anajifagilia. Akitaja kidogo anakwama ugenini.

Safari hiyo alikuwa amefikia kwa ndugu yetu mmoja, kwa sababu fedha ya gesti haikuwepo. Wahenga walikwisha kusema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahojiano yalikuwa siku ya tano. Yule ndugu ni mtu mwema, mwenye chumba kimoja na sebule, mke na watoto watatu, na binti yangu alilala sebuleni na watoto. Siku ya tatu alianza kuamka saa kumi usiku ili afagie, ateke maji na aoshe vyombo kabla wenyeji hawajaamka, asije akaonekana mzigo. Siku ya tano alikwenda kukaa mbele ya jopo la watu wanne akiwa hajalala usingizi wa kutosha kwa usiku nne mfululizo. Katika daftari, mbele ya neno malazi, mke wangu aliandika sifuri. Niliitazama ile sifuri kwa muda mrefu. Ni tarakimu isiyo ya kweli kuliko zote katika ukurasa ule, maana humo ndimo binti yangu alimolipa kwa kitu ambacho hakina safu kwenye daftari.

Hakuchaguliwa, ingawa aliambiwa kuwa amefaulu na jina lake litawekwa kwenye kanzidata, kwa wale ambao wamefikia alama lakini nafasi hazikutosha. Kanzidata ni jambo jema, nalisema kwa moyo wote, maana humwezesha kijana kuitwa kazini bila kurudia safari. Lakini kungoja nako ni kazi, na hakuna anayeilipia.

Mara ya tatu alifika Dar es Salaam tu. Alishuka Mbagala jioni, akiwa njiani kuvuka jiji kwenda kupanda basi la Dodoma, akaona kwenye simu kuwa taasisi ile imeahirisha usaili hadi itakapotangazwa tena. Sababu zinaweza kuwa nzuri kabisa. Mabadiliko ya ratiba hutokea hata shuleni. Lakini aliyeandika tangazo lile la mistari mitatu hakuwa na namna ya kujua kwamba mistari hiyo ilikuwa inafuta Sh 70,000 za nauli ya kwenda na kurudi, na kwamba kati ya hizo, Sh 50,000 zilikuwa za mjomba wake. Ninyi mnajua uzito wa mjomba katika nyumba zetu za Kimakonde. Mjomba hadai. Ndiyo maana deni lake haliishi.

Naomba niseme sasa juu ya mambo yalivyokuwa zamani, kwa ufupi, nisije nikaonekana mzee anayesifia ujana wake. Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1984. Barua ya kupangiwa kituo ilinikuta chuoni, na pamoja nayo nilipewa waranti ya kusafiria. Serikali ilikuwa na haja na mwalimu, ikamtafuta, ikamsafirisha hadi alipohitajika. Ninajua kuwa wakati ule tulikuwa wachache na nafasi zilikuwa nyingi, na kwamba leo vyuo vinatoa wahitimu kuliko nafasi zilizopo. Siwezi kudai kila mhitimu apewe waranti. Ninachotaka mkione ni mahali gharama ilipokuwa na mahali ilipohamia. Kazi ya kumtafuta mtumishi anayefaa ni kazi ya mwajiri. Mwajiri akiwa na mitihani ya kuendesha, wasimamizi wa kuwalipa na kumbi za kuandaa, hizo ni gharama zake na anazibeba. Ila sehemu moja ya gharama hizo, ile ya kuwakusanya watahiniwa mahali pamoja, imeondolewa polepole mezani kwake ikawekwa kwenye meza ya mkulima wa korosho, wa pamba na wa mahindi.

Wala sisemi turudi kule ambako kila taasisi ilikuwa inaajiri yenyewe. Tuliokuwa kazini tunakumbuka. Nafasi ilitangazwa baada ya mtu kupatikana, na mtu alipatikana kwa kuwa alikuwa na mtu. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, ilivyorekebishwa mwaka 2007, ndiyo iliyozaa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ili ushindani uwe wa wazi na mtoto wa Newala apimwe kwa mtihani ule ule na mtoto wa Masaki. Hilo ni jambo la haki na nitalitetea popote. Ninachosema ni kwamba haki hiyo inaanzia mlangoni mwa chumba cha usaili, na sisi wengine mlango wetu uko mbali zaidi. Kabla ya mchujo wa maandishi kuna mchujo mwingine ambao haujaandikwa katika sheria yoyote. Hufanyika stendi. Msimamizi wake ni mkata tiketi, na swali lake ni moja.

Katika mtaa wetu yupo kijana, sitamtaja, aliyeitwa kwenye usaili mara mbili na hakwenda mara zote mbili. Mama yake ni mjane. Mara ya kwanza walipata nusu ya nauli. Mara ya pili hakumwambia hata mama yake kuwa ameitwa, ili asimwone akihangaika kukopa. Mama alikuja kusikia kwa jirani baada ya wiki mbili, akalia. Huko kwenye orodha ya mahudhurio, mbele ya jina la kijana huyu, palibaki wazi. Kwa anayesoma orodha ile, huyu ni mtu aliyeitwa akadharau. Nimefundisha watoto kwa miaka 38, na ninawaambieni kuwa huyo alikuwa miongoni mwa watoto watano wenye akili kuliko wote waliopita mikononi mwangu. Serikali ilimkosa mtumishi na haijui kuwa imemkosa. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko korosho zangu.

Kwa wanawake mzigo ni mkubwa zaidi, na naomba akina baba tusione aibu kulisema. Mama mwenye mtoto wa miezi minne akiitwa, hawezi kumwacha na hawezi kuingia naye kwenye chumba cha usaili, kwa hiyo husafiri na mdogo wake wa kushika mtoto nje. Nauli inakuwa mara mbili na chakula mara mbili. Msichana akikosa chumba huambiwa na watu wema na wasio wema kuwa njoo ulale kwangu, na hana namna ya kuwatambua saa tatu ya usiku katika mji asioujua. Wapo wazazi hapa waliomkataza binti kwenda kwa hofu hiyo pekee, na siwezi kuwalaumu. Vivyo hivyo mwenye ulemavu wa macho au wa viungo, ambaye lazima aende na msindikizaji: tangazo humwita mtu mmoja, stendi hudai wawili.

Na yapo mambo ambayo sisi wa kusini tunayabeba peke yetu. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya na mvua zile, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na abiria walikaa njiani. Mtu aliyekuwa na usaili siku hizo angefanyaje? Tarehe haimsubiri mto ushuke.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna dalili njema na ni haki kuzitaja. Mwanzoni mwa 2025 usaili wa kada ya ualimu ulifanyika mikoani, na walimu wengi wa hapa walifanyia Mtwara mjini. Mwezi Machi mwaka huo huo, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokuwa na nafasi 1,596 na waombaji zaidi ya 135,000, usaili wa maandishi uligawanywa katika vituo vya mikoa kadhaa. Tulinganishe na mwezi Juni 2014, ambapo zaidi ya vijana 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kushindania nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji, na picha za majukwaa yale yaliyojaa watu wakiandika juu ya mapaja bado ziko vichwani mwetu. Tumesogea. Tena sasa mitihani mingine ya mchujo imeanza kufanywa kwa kompyuta, jambo ambalo linaondoa ile haja ya kila mtu kuketi katika ukumbi mmoja.

Lakini chukueni hizo namba za mwaka 2025 mzipige hesabu. Tuseme ni watu laki moja tu waliokwenda kwenye vituo, na tuseme kila mmoja alitumia elfu hamsini, ambayo ni kidogo sana kwa mtu wa mbali. Hizo ni shilingi bilioni tano zilizotoka mifukoni mwa vijana wasio na kazi ndani ya wiki moja, kwa usaili wa taasisi moja. Hakuna bajeti yoyote ya umma zilikoandikwa, kwa hiyo hakuna mbunge aliyeziuliza wala mkaguzi aliyezikagua. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya nyongeza iliyotangazwa Mei Mosi 2025, ni Sh 500,000 kwa mwezi. Safari moja ya Dodoma ya binti yangu ni karibu nusu ya mshahara huo, na yeye alikuwa bado hajaupata.

Niruhusuni niseme kama msimamizi wa mitihani wa zamani. Kila Septemba mtihani wa darasa la saba hufika Newala. Hufika ukiwa umefungwa kwenye bahasha, unalindwa na polisi, unalala kituoni, na alfajiri unapelekwa hadi shule ya mwisho kule bondeni Ruvuma, na watoto wa nchi nzima huufanya siku moja na saa moja. Mwezi Novemba wa kidato cha nne hufika vivyo hivyo. Nimewahi kwenda na bahasha hizo kwenye gari lililokwama mchangani, tukasukuma, tukafika kwa wakati. Katika miaka yote hiyo hatukumwambia mtoto wa miaka 13 kwamba ajigharamie chakula, usafiri na malazi akaufuate mtihani Dodoma. Mtihani ndio uliomfuata. Kwa hiyo nchi hii inajua namna ya kupeleka mtihani kwa mtahiniwa, inaijua tangu zamani, na inaifanya vizuri. Kwa nini ujuzi huo ukomee kidato cha sita?

Ombi letu la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba usaili wa mchujo ushuke hadi wilayani. Chuo cha Ualimu Kitangali kiko hapa hapa kwetu. Zipo shule zenye vyumba vya kompyuta, na penye upungufu kompyuta zinaweza kuletwa kwa gari moja, ambalo litatumia mafuta ya safari moja badala ya vijana mia mbili kutumia nauli za safari mia mbili. Mtwara mjini ni afadhali sana kuliko Dodoma, tunashukuru. Lakini ni zaidi ya kilomita 100 na bado wapo wanaolazimika kulala.

Usaili wa mahojiano tunaelewa kwamba unahitaji jopo, na jopo haliwezi kuzunguka kila wilaya. Hapo tunaomba kwamba aliyefaulu mchujo arudishiwe nauli ya basi la kawaida, kwa kiwango cha LATRA, akionesha tiketi. Waliofikia hatua hiyo ni wachache, na serikali yenyewe imekwisha kuridhika kuwa wanafaa. Gharama yake inahesabika. Jambo hili si geni duniani. India, nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, tume yake ya utumishi wa umma huwaita New Delhi watahiniwa waliofaulu maandishi, na huwarudishia nauli ya treni. Kama tume yenye waombaji wengi kiasi hicho imeweza kulibeba, sioni kwa nini sisi tushindwe hata kulijaribu kwa kada chache.

Na muda. Tunaomba siku 14 kamili kati ya tangazo na usaili. Ombi hili halihitaji hata senti moja ya serikali, na kwetu lina thamani kuliko yote. Laiti ningepata siku 14 mwaka ule, nisingeuza korosho. Ningekwenda chama cha akiba na mikopo, au kwa rafiki zangu walimu, nikakopa kwa utulivu nikalipa Oktoba. Haraka ndiyo iliyonipeleka kwa mnunuzi wa usiku.

Kwenu wanangu wahitimu nina jambo dogo la kiutendaji. Msisafiri kila mmoja kivyake. Mwaka jana vijana wanne wa Newala walikutana Dodoma kwa bahati, kila mmoja akiwa amelipia chumba chake, na hakuna aliyejua kuwa wenzake wameitwa. Wekeni orodha moja kwa Afisa Maendeleo ya Vijana, kila anayeitwa aandike jina na tarehe. Mkiwa wanne mtakodi vyumba viwili, na binti hatafika mji mgeni usiku akiwa peke yake. Vitabu vya kujisomea pia mbadilishane. Aliyetoka kufanya usaili awaeleze wenzake ulivyokuwa, asifiche.

Wazazi wenzangu, nanyi nawaomba msimuulize mtoto akirudi kama amepata. Muulizeni kama amekula. Binti yangu, baada ya safari ile ya tatu iliyoishia Mbagala, alikaa Dar es Salaam wiki tatu akiuza vocha na maji kwa sababu aliona aibu kurudi na begi lile lile bila jibu. Hakuna aliyemfukuza. Alikuwa anajidai mwenyewe deni ambalo sisi hatukuwa tumemwandikia, na mama yake ndiye aliyempigia simu akamwambia kwamba ukurasa ule wa daftari ameukunja na arudi nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umetuahidi mwanzoni kuwa utakayoyasikia hapa utayafikisha panapohusika. Nimefikiri nikuandikie barua, nikaona barua huwekwa kwenye faili. Nakukabidhi daftari lenyewe. Lina kurasa kumi na moja zilizoandikwa, tiketi zimebandikwa, na majina ya waliotukopesha nimeyafunika kwa karatasi. Wasaidizi wako wapige picha kila ukurasa, kisha nakuomba unirudishie kabla hujaondoka jioni hii, kwa sababu orodha mpya imetoka juzi na jina la binti yetu limo. Basi linaondoka kesho kutwa saa kumi na moja alfajiri, na mama yake ameshauliza mara mbili daftari liko wapi.

Asanteni kwa kunisikiliza.